Lenzi ya taa ya ukungu imepasuka? Soma ufa kabla ya kununua ya plastiki

Taa za ukungu hukaa chini kabisa ya bampa, mahali ambapo kokoto, maji na matope hufika kwanza. Gari linalotoka Nakuru kwenda Kisumu hukutana na kila kinachoweza kuzipasua ndani ya saa chache: malori ya kokoto, baridi ya Mau Summit na Londiani, mvua ya mawe ya Kericho, halafu madimbwi ya tambarare za Kano ukikaribia Ahero. Lenzi ya plastiki ngumu huponya baadhi ya maradhi haya. Mengine huyazidisha, na unaweza kujikuta umebadilisha lenzi mara mbili kwa mwaka wakati kioo cha zamani kilidumu miaka kumi. Kwa hiyo utazame ufa kwanza, dukani utaenda baadaye.

Hakikisha pia kilichopasuka ni nini. Igonge lenzi kwa ukucha: kioo hulia kwa sauti kali, plastiki hulia butu. Kisha ifute uangalie herufi ndogo zilizochongwa ukingoni. PC ni polikaboneti. PMMA ni akriliki, ile ambayo mafundi wa mabango huiita pespeksi. Kwenye taa yenye herufi E ndani ya duara, PL maana yake ni lenzi ya plastiki, na B au F3 huonyesha kwamba ni taa ya ukungu ya mbele. Andika pia namba iliyo kwenye kitako cha balbu, yaani H3, HB4, H8, H11 au H16, maana utaihitaji mara kadhaa hapa chini.

Ufa wa nyota wenye kidonda katikati

Hili ni jiwe. Kuna shimo dogo ambapo jiwe liligonga, na nyufa zinatawanyika kutoka hapo. Ukipitisha ukucha utalisikia lile shimo. Mara nyingi ni upande mmoja tu wa gari, na mara nyingi dereva hakusikia chochote.

Hapa ndipo polikaboneti inapostahili sifa zake. Jiwe linalovunja kioo huacha alama tu juu yake, kwa sababu plastiki hii hunyumbulika kidogo badala ya kuvunjika. Akriliki haina uwezo huo: ni ngumu zaidi ya kioo kuvunjika, lakini jiwe la ukubwa wa punje ya mahindi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linatosha kuing'oa kipande. Ukiwa na tatizo la mawe, kataa akriliki hata kama ni ya bei nafuu na inang'aa kuliko mwenzake.

Kabla ya kubadilisha, kagua rifleta iliyo nyuma ya ufa, yaani lile bakuli la rangi ya fedha linalorusha mwanga mbele. Kama maji yameshaingia na rangi hiyo imechubuka au imegeuka kijivu, lenzi mpya haitarudisha mwanga. Nunua taa nzima.

Ufa mrefu uliopinda, hauna kidonda

Kioo kimekatika kwa mstari mmoja laini, wakati mwingine kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna mahali jiwe liligonga. Sababu ni joto na maji. Balbu ya halojeni ya wati 55 huichemsha lenzi, kisha gari linaingia dimbwini au mtu wa kuosha magari anaielekezea bomba la maji baridi. Uso wa nje husinyaa ghafla, wa ndani bado umetanuka, na kioo hupasuka.

Polikaboneti haipasuki kwa namna hii, lakini usikimbilie kuibandika kabla ya kujua kwa nini kioo kilikuwa moto kiasi hicho. Toa balbu usome wati zake. Magari mengi yanayoletwa kutoka Japani hupewa balbu za wati 90 au 100 na mtu aliyetaka "mwanga wa kutosha", na joto hilo halihimiliki kwa plastiki. Hesabu ni rahisi: wati 55 kwa volti 12 ni ampea 4.6 kwa kila taa, yaani 9.2 kwa zote mbili, na fyuzi ya ampea 15 inatosha. Wati 100 ni karibu ampea 17 kwa zote mbili. Fyuzi ya 15 inaungua, mtu anaweka ya 30, kinachofuata ni plagi kuyeyuka. Ukikuta fyuzi kubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, umepata chanzo cha ufa wako.

Sababu ya pili ni mazoea. Taa za ukungu zikiwashwa asubuhi mpaka jioni kwa ajili ya urembo, kila dimbwi huzikuta zikiwa moto.

Ufa unaoanzia pembeni au kwenye skrubu

Huu si wa jiwe wala wa joto. Lenzi au taa imevutwa. Angalia bampa: je, iliwahi kugongwa na kurudishwa kwa nguvu? Je, mshiko wa taa umevunjika na fundi akaufunga kwa waya? Bampa ikikaa vibaya kwa milimita tano tu, huikandamiza taa kila gari linaporuka tuta, na kwenye barabara zetu matuta hayana idadi.

Plastiki mpya itapasuka palepale usiporekebisha mshiko. Kinachofaa ni kulegeza boliti zote za taa, kuona inakaa wapi yenyewe, kisha kunyoosha mshiko mpaka matundu yalingane bila kusukuma. Skrubu zinazoingia kwenye plastiki hukazwa kwa mkono hadi ziguse, kisha robo ya mzunguko basi. Na usipake gundi ya kuzuia skrubu kulegea karibu na polikaboneti. Gundi hiyo hufanya kazi vizuri kwenye injini, lakini ikigusa plastiki hii huipasua kuanzia kwenye tundu, wakati mwingine siku hiyohiyo.

Utando wa nyufa nyembamba kama nywele

Tatizo hili ni la plastiki peke yake, na ndilo linalowashangaza wengi walioambiwa kwamba lenzi yao haivunjiki. Uso unajaa nyufa ndogo sana zisizosikika kwa ukucha, zinazoonekana vizuri taa ikiwaka. Chanzo ni kemikali: petroli, thina, asetoni, mafuta ya breki, au sabuni kali ya kuondoa grisi inayotumiwa kuoshea injini. Polikaboneti iliyokazwa na skrubu huwa tayari ina mvutano ndani yake, na tone la petroli linatosha kuufungua.

Hakuna dawa ya nyufa hizi. Kuzipiga msasa kunapunguza uso lakini zimeshaingia ndani. Badilisha lenzi, kisha mweleze anayeosha gari kwamba bampa ya mbele inaoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida tu. Lami ikibaki, tumia spiriti ya kusafishia kwenye kitambaa laini, kidogo kidogo, halafu suuza.

Plastiki imebonyea, imevimba au imegeuka kahawia katikati

Joto limezidi. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Polikaboneti hufika kama 145 kabla ya kulainika, ingawa kwa matumizi ya kila siku si busara kuivusha 120. Tofauti hiyo ya nyuzi arobaini na ushee ndiyo inayoamua kama lenzi itaishi.

Ukiona kahawia mahali pamoja tu, mbele ya balbu, soma wati. Ukiona uso wote umelainika, uliza matope. Udongo mweusi wa tambarare za Kano ukikauka juu ya lenzi hufyonza mwanga na kuugeuza joto, na gari likiwa limesimama kwenye msongamano hakuna upepo wa kupoza. Taa yenye balbu sahihi kabisa inaweza kubonyea kwa namna hiyo ndani ya safari moja.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Washa injini na taa za ukungu, gari limesimama, kwa dakika 30. Kisha dondosha tone moja la maji kwa ncha ya kidole juu ya lenzi ya plastiki. Nakuru, kwa sababu ya mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Tone likitulia, polikaboneti iko salama. Likifoka na kukauka, akriliki haiwezi kukaa hapo, na polikaboneti iko karibu na mpaka wake, kwa hiyo shusha wati. Kipimo hiki ni cha plastiki tu. Ukikifanya kwenye kioo cha moto unaweza kukipasua.

Ununue nini hasa

Kwa magari mengi madogo ya Toyota, Nissan na Mazda yaliyo barabarani hapa, taa ya ukungu imetengenezwa kama kitu kimoja kilichogundishwa, na njia yenye akili ni kununua taa nzima yenye lenzi ya PC. Lenzi peke yake inafaa pale ambapo inauzwa kwa ajili ya taa hiyohiyo na rifleta bado inang'aa.

Dukani, pima upana, kina na umbali kati ya matundu ya boliti kwa rula, huku taa ya zamani ikiwa mkononi. Jina la gari pekee halitoshi. Toyota Fielder mbili za miaka tofauti zinaweza kuwa na bampa zinazofanana kwa macho na taa zisizoingiliana. Angalia herufi PC. Muuzaji asipoweza kukuonyesha herufi yoyote kwenye lenzi, chukulia kuwa ni akriliki. Geuza taa utafute matundu ya kupumulia, yenye kifuniko kidogo cha mpira au sponji. Taa isiyo nayo itakusumbua baadaye.

Fundi anaweza kukupa njia ya tatu, ya kukata kipande kutoka kwenye shiti la plastiki. Kabla ya kukubali, tazama lenzi ya zamani kwa ndani. Kama ni angavu tupu, bila mistari, basi rifleta ndiyo inayopanga mwanga na kipande cha bapa kinaweza kufanya kazi. Kama ina mistari au miraba iliyochongwa, hiyo ndiyo inayotandaza mwanga kushoto na kulia. Ukiweka plastiki tupu mahali pake utapata doa kali katikati ya barabara na giza kando, yaani kinyume kabisa cha kazi ya taa ya ukungu.

Ukikata, tumia polikaboneti ya milimita 3. Acha nafasi ya milimita 1 kila upande, kwa sababu plastiki hii hutanuka kwa joto mara saba hivi kuliko kioo, na toboa matundu yaliyo mapana kuliko skrubu kwa milimita 1 hadi 1.5. Ngozi ya kukinga miale ya jua kwa kawaida iko upande mmoja tu wa shiti, ule ulioandikwa kwenye karatasi ya juu. Huo ndio unaotazama nje. Ukiibandua karatasi hiyo na kuitupa kabla ya kuweka alama, umebahatisha.

Kuifungua na kuifunga

Acha taa zipoe na uondoe waya hasi wa betri. Usukani ugeuze upande wa pili: kwa taa ya kushoto, geuza kulia, ili sehemu ya mbele ya tairi ikuachie nafasi. Fungua klipu za plastiki inayofunika ndani ya tairi kwa bisibisi bapa, ukiinua kwanza kile kipini cha katikati. Kuwa na klipu mpya kumi mfukoni, maana za zamani zimekauka kwa jua na mbili tatu zitavunjika. Plagi hutolewa kwa kubonyeza ulimi wake, si kwa kuvuta waya. Balbu za H11 na HB4 hutoka kwa kuzungusha robo kinyume cha saa. Usishike kioo cha halojeni kwa vidole. Taa yenyewe hushikwa na boliti mbili au tatu, mara nyingi za spana 10 au skrubu za nyota.

Kama unabadilisha taa nzima, kazi imebaki kuirudisha. Kama ni lenzi pekee, endelea hivi.

Toa balbu, skrubu na klipu zote za chuma. Pasha ukingo kwa mashine ya hewa moto, ukizunguka bila kusimama mahali pamoja, kwa dakika nane hadi kumi. Gundi nyeusi laini ya mpira italegea. Ingiza bisibisi bapa iliyofungwa utepe kwenye kona moja, vuta taratibu, pasha tena, vuta tena. Gundi isipolegea kabisa baada ya mizunguko mitatu, ni ile isiyoyeyuka, na kulazimisha kutavunja kasha. Achana nayo, rudi kwenye wazo la taa nzima. Vipande vya kioo vivute kwa koleo ukiwa umevaa glavu na miwani.

Rifleta usiiguse. Ule ung'avu ni tabaka la alumini jembamba mno, na kitambaa kikavu kinaweza kuliondoa. Vumbi lipulize kwa pampu ya mkono, basi.

Ondoa gundi ya zamani yote kwenye mfereji. Kwa taa ya duara yenye kipenyo cha sentimeta 9, unahitaji kama sentimeta 30 za kamba ya gundi ya butili (ile nyeusi laini ya mpira) kwa kila taa. Jaza mfereji theluthi mbili, pasha, kandamiza lenzi, na ushikilie kwa vipande vya tyubu ya baiskeli hadi ipoe. Ukikosa butili, tumia silikoni isiyo na harufu ya siki, mstari wa milimita 4, na uiache saa 24. Ile yenye harufu ya siki ndiyo iliyojaa maduka ya vifaa vya ujenzi, na ndiyo inayoharibu taa nyingi: mvuke wake wa asidi hula alumini ya rifleta ikiwa imefungiwa ndani. Supagluu nayo huacha ukungu mweupe kwenye lenzi usiofutika.

Funga taa saa za mchana, jua likiwa kali. Ukifunga Kisumu baada ya mvua ya jioni, umefungia unyevu wa ziwa ndani.

Baada ya kubadilisha, bado kuna tatizo

Ukungu mwembamba ndani ya lenzi baada ya mvua, unaopotea dakika 20 hadi 30 taa zikiwaka, si kasoro. Taa hupumua. Gari likishuka kutoka Mau Summit, takriban mita 2,500, hadi Kisumu, mita 1,130, mgandamizo wa hewa huongezeka, na karibu sehemu moja kati ya sita ya hewa iliyo ndani ya taa itakuwa imeingia njiani. Hewa hiyo ina unyevu. Ukiona matone makubwa au maji yakicheza chini ya lenzi, huo ni mvujo. Funga mfuko wa plastiki kwenye tundu la balbu, weka taa iliyopoa chini ya bomba kwa dakika mbili, uone maji yanapoingilia. Kabla ya kuongeza silikoni, kagua mpira wa duara wa balbu, kwa kuwa mara nyingi ndio uliobaki kwenye balbu ya zamani jalalani. Na usizibe matundu ya kupumulia kwa kudhani unasaidia. Taa isiyopumua huvuta maji kupitia ufa wowote mdogo inapopoa.

Waliobadili kwenda LED huona ukungu huu ukikaa siku nzima. LED hutoa joto lake nyuma, kwenye kitako, na lenzi hubaki baridi. Kwa plastiki hilo ni jema, kwa kukausha si jema. Tena LED nyingi za kuchomeka kwenye taa ya halojeni hutawanya mwanga ovyo. Tukiulizwa, balbu ya halojeni yenye wati zilizoandikwa kwenye kasha ndiyo chaguo letu kwa barabara ya Londiani.

Wenye magari wakikuwashia taa, umeinua mwanga. Simamisha gari kwenye sakafu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo sahihi na dereva kitini. Pima kimo cha katikati ya taa, weka alama ukutani sentimeta 10 chini ya kimo hicho. Ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye alama. Skrubu ya kurekebishia iko nyuma au chini ya taa, na zungusha nusu mzunguko kwa wakati mmoja.

Lenzi ikififia baada ya miezi, tofautisha vumbi na jua. Vumbi laini la barabara za Nakuru husugua uso kama msasa, na unaona mikwaruzo midogo iliyoelekea upande mmoja. Jua hugeuza manjano. Yote mawili yanasafishika kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arisha. Lakini msasa huondoa ile ngozi ya kukinga miale, na manjano yatarudi haraka usipopulizia vanishi angavu yenye kinga ya jua inayofaa polikaboneti. Dawa ya meno hung'arisha kwa wiki chache kisha hali hurudi ileile.

Taa ikiwaka upande mmoja tu, hamisha balbu kutoka upande mzima. Ikiwaka, balbu ya kwanza imekufa. Isipowaka, pima volti kwenye plagi injini ikinguruma. Inatakiwa kuwa karibu 13.5 hadi 14.4. Ukipata 11 au chini ya hapo, tafuta kutu kwenye waya wa bodi (waya hasi wa taa), ambao kwenye magari yanayolala karibu na ziwa huliwa palepale ulipofungwa kwenye chuma. Ukwangue mpaka uone chuma kinachong'aa, kaza, na upake grisi juu yake, mbali na lenzi.